Jina la baba liandikwe kabla ya ugomvi

Sisi tuliovuka Busia na Malaba mapema 2008, baada ya vurugu za uchaguzi wa Desemba 2007, tulilala Mulanda kwenye mahema tukiwa watoto. Pale kila familia iliulizwa: wewe ni nani, na hawa watoto ni wa nani? Mwenye karatasi alijibu haraka. Baadaye wengi wetu tukapelekwa Kiryandongo, na leo tuna watoto wetu. Wengi tumewapata bila harusi wala mahari, maana pesa hakuna. Hatuhukumu mtu hapa. Shida yetu ni moja: watoto wanaandikwa kwa jina la mama peke yake.

Mwenzetu mmoja alikaa na mama ya mtoto wake miaka mitatu. Walipokosana, mama akarudi Kenya, mtoto akabaki kwa nyanya. Mtoto akaugua, baba akaenda kwenye ofisi moja kuomba barua ya hospitali. Akaulizwa, "Wewe ni nani kwake?" Karatasi hana. Maziwa ya mtoto alikuwa ananunua yeye, lakini maziwa hayapigwi muhuri.

Sheria haijatusahau. Kule Kenya, Katiba ya 2010, Ibara ya 53, inasema baba na mama wana wajibu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au la. Mei 2016 Mahakama Kuu ikakataa kifungu kilichozuia jina la baba asiye na ndoa kuandikwa bila baba na mama kuomba pamoja. Hapa Uganda, mama au baba anaweza kuomba Mahakama ya Familia na Watoto itamke mzazi ni nani. Hata mtoto anaweza, kupitia mtu mzima. Ombi lipelekwe kabla mtoto hajafika miaka 18, au ndani ya miaka mitatu baada ya huyo anayetajwa kuwa mzazi kufa. Mahakama ikitamka, mtoto anakuwa sawa na aliyezaliwa ndani ya ndoa.

Wasichana wanatuambia, "Nikiandika jina lake, kesho atanipora mtoto." Dada, hapana. Tamko la mahakama peke yake halimpi baba ruhusa ya kumchukua mtoto. Hilo linaamuliwa kivyake. Vijana nao wanasema, "Nikisaini nitadaiwa matunzo." Ndugu, hata usiposaini unaweza kupelekwa mahakamani, na kipimo cha damu kikaagizwa. Kukosa sahihi hakukufichi, kunakunyima tu mtoto.

Lakini kama baba ni mtu wa kupiga au alilazimisha mimba, tusimsukume mama. Huyo anahitaji ulinzi na ushauri kwanza.

Kwa hiyo wafanyakazi wa mashirika, tunawaomba: mama akijifungua, muulizeni kwa faragha kuhusu baba. Msiache nafasi ya baba wazi kwa sababu tu hamkuona pete. Elezeni habari za NIRA kwa lugha tunayoelewa.

Na sisi vijana, wazee walisema kitanda hakizai haramu. Basi tusimfanye mtoto awe wa nusu kwa uzembe wetu. Mtoto akizaliwa, nendeni wote wawili mkamwandikishe, mkiwa bado mnaongea.