Betri ya Gari Si Betri ya Nyumba



Jirani yangu alipohamia nyumba yake mpya huko Chanika, pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam, nguzo za umeme zilikuwa bado hazijamfikia. Alinunua paneli ya sola, na kwa fedha za upatu wa mkewe akanunua betri ya gari. Haikupita miezi mingi taa zikawa zinazimika kabla watoto hawajamaliza kusoma. Fundi aliipima betri, akasema imekufa. Fedha za upatu zikawa zimekwenda bure.

Paneli haikuwa na kosa. Betri ya gari imeundwa itoe nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, kisha ijazwe mara moja. Sahani zake za risasi ni nyembamba. Zikimalizwa nguvu kila usiku huharibika upesi. Nyumba yahitaji betri ya sola, iitwayo madukani "dipu saiko", ambayo sahani zake ni nene na hutoa umeme kidogo kidogo kwa saa nyingi.

Ukubwa, je? Usibahatishe, chukua kalamu na karatasi. Tuseme una taa 4 za wati 5, zinazowaka saa 5: hizo ni wati-saa 100. Televisheni ya wati 30 kwa saa 4 ni 120. Kuchaji simu 2 ni kama 20. Jumla ni 240. Gawanya kwa volti 12 za betri, utapata ampea-saa 20 kwa usiku mmoja. Lakini betri ya risasi haifai kutumiwa kupita nusu ya uwezo wake. Basi zidisha mara 2, upate 40. Ukitaka akiba ya usiku wa pili, mawingu yakitanda, ziwe 80. Hapo nunua ya ampea-saa 100, na uhakikishe paneli yako yaweza kuijaza.

Sasa aina. Betri ya maji ni nafuu, lakini hapana budi kuiongezea maji maalumu ya betri, si ya bomba. Iwekwe penye hewa, mbali na jiko na chumba cha kulala, kwa kuwa ikichajiwa hutoa gesi iwezayo kulipuka. Iliyofungwa haitaki maji, ila joto kali na chaji ya kupita kiasi huiua. Ya lithiamu ni ghali zaidi, lakini waweza kutumia sehemu 8 kati ya 10 za uwezo wake, nayo hudumu zaidi. Uichaguayo yoyote, kidhibiti chaji kiafikiane nayo.

Dukani, tazama tarehe ya kutengenezwa, na udai risiti na dhamana ya maandishi.

Mke wa jirani yangu anangoja tena zamu yake ya upatu. Safari hii karatasi ya hesabu anayo yeye.