Kila franga kwa risiti!

Wandugu, tuseme wazi. Kijana wa Lubumbashi anauzisha picha yake ya shaba kwa mnada wa intaneti. Mtu wa Ubelgiji anashinda, analipa. Furaha inaishia kwa gishe: "Makaratasi iko wapi?" Hapo ndipo makuta ya chai inaanza.

Makaratasi gani? Pakiti ya bei ndogo inaomba fomu moja, CN22. Bei ikipanda, CN23. Inauliza kitu gani, uzito gani, bei gani, na sahihi. Hakuna mstari wa "chai ya shefu".

Lakini na sisi tujiangalie. Mnunuzi anatuambia: andika "zawadi", shusha bei, nisilipe ushuru. Tunakubali! Pakiti ikipotea, tutadai bei gani? Na mwenye kudanganya kwa fomu atamkemea nani?

Tunadai: bei zibandikwe ukutani, fomu itolewe bure, kila franga iwe na risiti. Na sisi tutaandika bei ya kweli. Diploma tunazo, kazi hatuna. Hii ndogo tuliyojitafutia wenyewe, hatutaiacha ife kwa gishe.