Turubai la kambini limeshuka, madhabahu iko wapi?

Jumapili iliyopita nilikuwa Mugina, mpakani, upande wa pili wa Manyovu. Kengele ya kanisa ilikuwa imekwisha kulia, lakini watu walikuwa wakihangaika na magunia, wengine wakibadilisha fedha, wengine wakibishana na waendesha baiskeli kuhusu nauli ya mizigo. Hapo nikakutana na mama mmoja, muuza dagaa, ambaye tuliishi naye jirani katika kambi ya Mtabila, wilayani Kasulu. Baada ya salamu nikamuuliza habari za ibada. Akacheka kidogo, kisha akainamisha kichwa.

"Kaka yangu, kule tulisali kila alfajiri kwa sababu hatukuwa na kingine. Sasa nina mtaji wa watu, nina mkopo, nina watoto shuleni. Mungu atanielewa."

Maneno yale yamenikaa moyoni wiki nzima, kwa kuwa hata mimi si mgeni wa hali hiyo.

Wengi wetu tuliovuka mpaka mwaka 1993 tulikutana na Mungu chini ya turubai. Hatukuwa na shamba wala hati, tulisubiri mgawo wa unga na maharage. Lakini saa kumi na moja alfajiri nyimbo zilisikika kambi nzima. Mtabila ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2012, tulirudi Burundi tukiwa na mabati, masufuria na Biblia zilizochakaa. Mabati tuliyatumia mara moja. Biblia, kwa wengi wetu, zilibaki ndani ya gunia.

Nami nakiri. Niliporudi nilimkuta ndugu yangu analima kipande cha ardhi ya marehemu baba yetu. Tukagombana juu ya mpaka wa shamba. Kwa miezi minane sikumsalimu, na miezi hiyo yote sikukosa Jumapili hata moja. Niliimba kwaya, nikatoa sadaka. Lakini nilipopiga magoti usiku, maneno hayakutoka. Nilidhani nimechoka. Kumbe nilikuwa nimekatika, kama tawi ambalo majani yake yangali mabichi lakini halina tena maji kutoka kwenye shina.

Yesu alifundisha kwamba mtu akileta sadaka yake na kukumbuka kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aiache kwanza, aende wakapatane. Siku nilipokwenda kwa ndugu yangu, nikiwa na mzee wa mtaa, hatukumaliza ugomvi wote. Mpaka tuliupima baadaye, na nilipoteza mistari michache ya mihogo. Lakini usiku ule nilisali.

Sisi si warejeaji wa kwanza duniani. Wayahudi waliruhusiwa na mfalme Koreshi kutoka Babeli mwaka 538 kabla ya Kristo. Walipofika Yerusalemu walijenga madhabahu kwanza, hata kabla ya kuweka msingi wa hekalu, na waliijenga huku wakiwaogopa majirani. Lakini kazi ya hekalu ilipokwama, kila mtu akashughulikia nyumba yake. Ilipofika mwaka 520 nabii Hagai akawauliza kwa nini wao wanakaa katika nyumba nzuri na nyumba ya Mungu ni gofu. Ndipo wakarudi kazini. Ni habari yetu hiyo: woga haukuzima sala zao, shughuli ndizo zilizozizima.

Na wafanyabiashara wasidhani kwamba wametengwa. Lidia, muuza nguo za zambarau kutoka Thiatira, alikuwa akifanya biashara ugenini, katika mji wa Filipi. Siku ya sabato alikwenda kando ya mto pamoja na wanawake wengine kusali, na hapo ndipo alipomsikia Paulo. Hakuacha biashara yake ili ampate Mungu. Alichofanya ni kuitengea sala siku yake na mahali pake.

Ni rai yangu, basi, kwamba tuanze na madogo. Mwenye kuvuka mpaka saa kumi na mbili asali saa kumi na moja na nusu, hata kwa dakika kumi, kabla ya kuhesabu fedha. Wanaosafiri pamoja wasome mistari michache wakati wakisubiri gari lijae. Anayelala ugenini siku za ibada atafute kanisa la huko. Mungu wa Manyovu na wa Mugina ni mmoja. Mwenye jirani mgonjwa amtembelee, maana imani ya mtu peke yake hupoa upesi, kama kaa lililotolewa jikoni.

Lakini pia tuangalie mizani zetu. Haiwezekani mtu atoboe kopo la kupimia au akunje kingo za debe asubuhi, kisha jioni ashangae kwa nini sala yake ni nzito. Manabii walisema wazi kwamba Mungu anachukia kipimo cha uongo. Dagaa pungufu kwa mteja, ujira wa mbebaji uliocheleweshwa, deni linalokwepwa kwa kupita njia za panya: hizo ndizo nyufa. Na wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Yule mama nilimwambia kwamba ni kweli Mungu anaelewa. Anaelewa mkopo, anaelewa ada za shule. Lakini mtoto asiyezungumza na baba yake hawezi kusema wako pamoja kwa sababu tu baba ni mwelewa. Aliniomba tusali palepale, kando ya magunia. Tulisali kwa muda mfupi, kisha akajitwika mzigo wake akaenda.

Msomaji mpenzi, kama Biblia yako ingali ndani ya gunia lile la safari, leo ifungue.