Waliofaulu Bila Kuchaguliwa Wamerudi Darasani, Tusiwaache Peke Yao

Ndugu zangu wa Ngara na Biharamulo,

Wapo watu wazima kati yetu ambao wakishafunga kibanda jioni, au wakirudi kutoka kwenye migomba, hufungua madaftari. Mmoja anajiandaa na Mtihani wa Maarifa (QT), mwingine anarisiti kidato cha nne, mwingine amejisajili Chuo Kikuu Huria na masomo anayafuata kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Wana miaka 42, 47, 53. Watoto wao wako sekondari, wao wenyewe wanameza dawa za presha, na kikoba kinawadai. Mimi ni mmoja wao, na ninaloliomba leo hakuna mmoja wetu anayeliweza akiwa peke yake.

Kila anayerudi darasani katika umri huu huulizwa: siku zote ulikuwa wapi? Swali hili lina jibu, na wazee wetu wanalijua.

Mwishoni mwa Aprili 1994, watu zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa siku moja hivi. Benaco, palipokuwa pori na barabara, pakawa kambi kubwa kama jiji. Waliokimbia mauaji walistahili kupokelewa, na watu wa wilaya hizi waliwapokea. Lakini aliyekuwa darasa la sita au la saba wakati ule anakumbuka pia mengine. Vyumba vya madarasa vililaza watu, na madawati yakaishia jikoni kama kuni. Baadhi ya walimu waliacha chaki wakaenda kufanya kazi kwenye mashirika ya misaada, maana mshahara wa huko haukulingana na wa serikali. Vijana wakaenda kambini kuuza ndizi na maji, na kubeba mizigo. Hela ilikuwepo, shule ikawekwa kando. Desemba 1996 Wanyarwanda wakarudishwa kwao, kazi za kambini zikapungua, na kijana wa miaka 16 akajikuta hana kazi wala darasa.

Hata aliyebaki shuleni hakuwa na pa kwenda. Kabla ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) ulioanza 2004 na shule za kata zilizofuata, sekondari zilikuwa chache mno. Mtoto alifaulu, halafu hakuchaguliwa. Neno hilo, "hakuchaguliwa", limekaa vifuani mwa watu wa rika langu kwa miaka 30. Nafasi hazikuwepo. Kwa hiyo mtu wa miaka 46 anayeshika kalamu leo anachukua haki yake iliyochelewa, na jamii iliyomkosesha nafasi ile ina wajibu wa kumsaidia kuifikia.

Na jambo hili tuliwahi kuliweza. Kati ya 1968 na 1972, mradi wa kisomo uliosaidiwa na UNESCO ulifanya kazi katika mikoa minne ya Kanda ya Ziwa: Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambao ndio Kagera ya leo. Watu hawakufundishwa "a, e, i" za kitoto. Walisoma kuhusu pamba, uvuvi, mifugo na migomba, mambo waliyoyafanya kila siku. Mwalimu Nyerere aliufanya mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya: watu karibu milioni 2 nchi nzima walikaa katika vikundi vyao, wakasikiliza redio, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Sensa ya 1967 ilionyesha kuwa karibu theluthi mbili ya watu wazima hawajui kusoma. Kufikia 1986, kwa hesabu za serikali, tisa kati ya kumi walikuwa wanajua. Napenda kukumbusha kwamba hela haikuwa nyingi wakati ule. Kilichokuwepo ni kikundi: mtu alikuwa na watu wa kumuuliza kesho yake mbona jana hukuja.

Sisi wa leo tunasoma bila kikundi, na ndiyo maana tunaacha njiani.

Hela ni kikwazo cha kwanza. Miongozo ya Bodi ya Mikopo ya miaka ya karibuni inamtaka mwombaji awe na umri usiozidi miaka 35. Mama wa miaka 44 aliyepata nafasi ya shahada ya ualimu hana hata fomu ya kujaza. Anabaki na kuku, mahindi na hisa zake za kikoba. Naomba madiwani wetu walizungumze jambo hili kwenye Baraza, na wabunge wa wilaya hizi mbili walifikishe Dodoma. Kuweka ukomo wa umri bila kutazama kwa nini mtu alichelewa ni kumwadhibu mara ya pili.

Lakini tusikae tukisubiri Dodoma. Tazameni kalenda yetu. Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea huanza Januari, mwezi ambao kila nyumba inahangaika na sare na madaftari ya watoto, na hela ya kahawa imekwisha kitambo. Kahawa yetu huvunwa katikati ya mwaka. Basi kila kikoba na kila chama cha ushirika cha wakulima (AMCOS) kifungue mfuko wa elimu ya watu wazima wakati malipo ya kahawa yanatoka, mwanachama aweke kidogo anachokiweza, na hela hiyo isiguswe mpaka Januari. Harusi tunaiundia kamati, tunachapisha kadi, tunafuatana kwenye kundi la WhatsApp mpaka ahadi ya mwisho ilipwe. Uwezo wa kuchangishana tunao. Ada ya mtihani ya mtu mmoja haifiki hata gharama ya keki.

Kikwazo cha pili ni afya, na hiki watu hukificha. Mwenzetu mmoja sukari ilimshuka katikati ya mtihani. Mikono ilitetemeka, jasho likadondokea kwenye karatasi, akatoka na maswali mawili hajayagusa. Hakuna aliyewahi kumshauri aende na barua ya daktari na kumweleza msimamizi mapema hali yake. Wauguzi na waganga wetu wa Murgwanza, Nyamiaga, Rulenge na Biharamulo, mkimwona mgonjwa wa kliniki ana daftari mkononi, muulizeni anasoma nini na mtihani ni lini, mpangieni tarehe za dawa zisigongane na ratiba yake. Nasi majirani, mwenzetu akilazwa wiki mbili, mmoja amwandikie notsi. Hilo halihitaji hata shilingi.

Tatu ni umbali. Kutoka Ngara hadi Bukoba, tunakofuata huduma za chuo, kupitia Lusahunga, Biharamulo na Muleba ni siku nzima ndani ya basi, pamoja na nauli na malazi. Tukipeleka maombi mtu mmoja mmoja hakuna atakayetusikiliza. Tukiwa na orodha ya wanafunzi wa wilaya mbili, yenye majina na kozi, tuna hoja ya kuwaomba Chuo Kikuu Huria na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima watusogezee huduma huku. Biharamulo tunacho pia Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Rubondo, mojawapo ya vyuo vilivyoasisiwa kwa ajili ya watu wazima waliokosa nafasi. Twende tukaulize kinatoa nini.

Orodha hiyo ianzie kwenye kata. Kila halmashauri ina Afisa Elimu Watu Wazima. Aende mtu wenu mmoja akamwone, na si kwa kulalamika, bali kwa kumweleza kwamba kata yetu ina wanafunzi kadhaa na tunahitaji chumba. Walimu wakuu, naombeni funguo za darasa moja kuanzia saa kumi na moja jioni, siku tatu kwa wiki. Mapadri, wachungaji na masheikhe, tangazeni baada ya ibada, maana wengi wanaona aibu kuuliza. Walimu wastaafu wa hisabati na Kiingereza mliopo Kabanga, Rulenge, Nyakahura na Nyakanazi, tunawahitaji kuliko mtu mwingine yeyote. Nanyi kina baba, mkeo akisema anataka kwenda darasani, wewe washa moto upike siku hizo tatu.

Mwenye nia aandikishe jina kwa mtendaji wa kata yake kabla kahawa haijaanza kuvunwa, ataje anasoma nini na anakwama wapi. Mwenye cha kutoa, iwe saa moja ya kufundisha, taa ya sola au kitabu cha zamani cha mwanawe, naye aandikishe kwenye daftari hilohilo.