Jani Lisilopimwa

Msomaji, ukishikwa na choa kichwani, ugonjwa uletwao na kuvu, watakujia washauri wa namna mbili. Mmoja atalicheka kila jani kwa kuwa bibi yako alilijua kabla ya daktari. Mwingine atakuapia kwamba jani haliwezi kudhuru, maana limeumbwa na Mungu. Nawakataa wote wawili, na huyu wa pili namkataa zaidi, kwani machungu ya ushauri wake nimeyaonja. Nilipokuwa mtoto nilisuguliwa kitunguu saumu kibichi kichwani, nikafungwa kitambaa usiku kucha. Kulipokucha ngozi ilikuwa imeungua kama iliyomwagiwa maji ya moto, na choa kilikuwapo vile vile.

Walakini kitunguu saumu si mwongo. Mwaka 1944 Chester Cavallito na John Bailey, wataalamu wa Marekani, walitoa ndani yake alisini, kitu kiuacho bakteria na kuvu. Alisini haimo katika kitunguu kizima, huzaliwa kinapopondwa. Akichemshaye kizima huiua kabla haijazaliwa.

Basi mbona sikupona? Kwa sababu choa cha kichwani hujificha ndani ya unywele na kinyweleo chake, mahali ambapo dawa ya kupaka haifiki vyema. Ndiyo maana daktari hutoa dawa ya kumeza, mathalan griseofulvini, ambayo (ajabu iliyoje!) yenyewe ilipatikana katika kuvu mwaka 1939. Kuua kuvu katika kisahani ni jambo moja, na kuponya kichwa cha mtoto ni jambo jingine.

Tena kisahani nacho hudanganya kikiulizwa vibaya. Mtu huroweka majani ya mwarobaini katika spiriti, hudondoshea kuvu, kuvu hufa, naye hushangilia. Ni nini kilichoua, jani au spiriti? Spiriti kali peke yake yaweza kuua kuvu. Hapana budi kiwepo kisahani cha pili chenye spiriti tupu, na cha tatu kisichotiwa kitu. Yaandikwe majani yalikuwa gramu ngapi na spiriti kiasi gani. Kisha jaribio lirudiwe na mtu asiyeutakia mti ule heri wala shari.

Wapo wasemao kwamba kupima hivi ni kuwadharau wazee. Sivyo! Awadharauye ni yule auzaye chupa sokoni bila kujua kilichomo, akauza na jina la wazee ndani yake. Akikuonyesha chupa hiyo, muulize kiko wapi kisahani cha spiriti tupu.