NYUMBA MBAYA HUTOZA KODI MARA MBILI



Kila mwisho wa mwezi karatasi ya mshahara huonyesha makato ya ushuru wa nyumba. Kwa Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024, mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake wote, na tajiri wake hutoa kiasi kama hicho. Mwenye kupata shilingi 20,000 hutoa shilingi 300, tajiri 300, na kwa mwaka mzima zinakuwa shilingi 7,200 kwa ajili ya mtu huyo mmoja. Kama ushuru huu ni wa haki au si wa haki, jambo hilo limebishaniwa Bungeni na mahakamani, na wanachama wetu wenyewe hawana neno moja juu yake. Lakini fedha zinakatwa, na nyumba zinajengwa. Kwa hiyo leo twauliza swali ambalo halijaulizwa vya kutosha: nyumba hizo zinajengwa kwa kitu gani, na mtu ataishi vipi ndani yake?

Wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya mainjinia na wachora ramani. Sisi twasema ni mambo yetu. Sisi ndio tunaolipa. Sisi ndio tutakaolala humo. Na wengi wetu ndio tunaochanganya zege, kubeba mawe na kupanda juu ya paa. Mtu mwenye haki tatu katika jambo moja hawezi kuambiwa anyamaze.

Yafaa tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1954 kamati ya serikali ya kikoloni iliyochunguza mishahara ya Waafrika ilikiri kwamba mshahara wa chini ulikuwa umepimwa kwa mahitaji ya mwanamume asiye na mke, ikashauri upimwe kwa mahitaji ya mtu mwenye jamaa. Nyumba za mjini nazo zilipimwa vivyo hivyo: mahali pa kuweka kitanda, basi. Vyama vya wafanyakazi vilipigana na mawazo hayo. Leo Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya nyumba ya kufaa na usafi wa kiasi. Na Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 31, yamtaka tajiri ampe mfanyakazi nyumba ya kufaa au fedha za kutosha kulipia kodi. Neno lenyewe ni "kufaa". Hilo ndilo tunalolishika, wala hatutaliachia.

Je, nyumba isiyofaa ni ipi? Itazameni nyumba ya bati tupu isiyo na dari. Mchana bati hushika moto wa jua na kuumwaga juu ya vichwa vya waliomo. Usiku bati lile lile hupoa upesi, na baridi ikashuka. Mama aliye Kisumu au Mombasa hawezi kumlaza mtoto saa nane ya mchana. Mwenzake wa Limuru, mwezi wa Julai, huingiza jiko la makaa chumbani na kufunga mlango apate joto, na ile hewa ya sumu ya makaa huua bila harufu. Hii ndiyo kodi ya pili. Kodi ya kwanza hulipwa mwenye nyumba. Ya pili hulipwa muuza makaa, kampuni ya umeme na daktari, na mara nyingine hulipwa kwa uhai. Kodi hii haiandikwi katika risiti, lakini hula mshahara ule ule.

Dawa ya kwanza haigharimu hata senti moja. Nchi yetu imepitiwa na ikweta. Jua la asubuhi hupiga ukuta wa mashariki, na jua la jioni hupiga ukuta wa magharibi. Basi kuta fupi zielekezwe huko, na kuta ndefu zenye madirisha zielekee kaskazini na kusini. Madirisha yakabiliane ili upepo uingie huku na kutokea kule. Upenu wa paa utokeze vya kutosha kutia ukuta kivuli na kuukinga na mvua. Pwani na kando ya Ziwa yatakiwa matundu mengi ya hewa. Nairobi, ambayo iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na nyanda nyingine za juu, zataka ukuta mnene unaoshika joto la mchana na kulitoa polepole usiku. Ramani moja haiwezi kufaa Lodwar, Mombasa na Nyahururu. Ikipelekwa kote bila kubadilishwa, kosa limeanza ofisini kabla fundi hajashika mwiko.

Dawa ya pili iko chini ya miguu yetu, nayo ni udongo. Hatusemi habari ya kukandika matope yatakayochukuliwa na mvua. Twasema habari ya matofali ya udongo yanayoshindiliwa kwa mashine. Udongo huchekechwa, huchanganywa na simiti kidogo, kwa kawaida sehemu 5 hadi 10 katika 100, hutiwa maji kidogo, kisha hubanwa kwa nguvu ndani ya mashine. Tofali likitoka huwekwa kivulini, hufunikwa na kumwagiwa maji kwa muda wa siku saba au zaidi, na huachwa likomae hadi siku 28. Halichomwi, kwa hiyo halili kuni. Mashine ya mkono ya namna hii, iitwayo CINVA-Ram, ilibuniwa mjini Bogotá nchini Colombia katika miaka ya 1950, hasa kwa ajili ya watu wenye kipato kidogo. Leo mashine za namna hii hutengenezwa hapa hapa Kenya. Matofali yake ya kushikana, ambayo mafundi huyaita intaloki, hupangwa kwa chokaa na simiti kidogo sana kati ya tofali na tofali. Udongo ukiwa mzuri, mfuko mmoja wa simiti wa kilo 50 waweza kutoa matofali kati ya 80 na 100.

Lakini si kila udongo unafaa. Ule mweusi wa tambarare, unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, haufai. Murram nyekundu yenye mchanga hufaa mara nyingi. Kila mtu aweza kufanya jaribio la kwanza. Tia udongo katika chupa ya kioo mpaka kiasi cha theluthi moja, jaza maji, tikisa sana, uache mpaka kesho. Mchanga utakaa chini, na udongo laini wa mfinyanzi utakaa juu. Mchanga ukiwa mwingi kuliko ule laini, kuna matumaini. Ndipo udongo upelekwe kwa mtaalamu upimwe sawasawa.

Twajua neno litakalosemwa: "Udongo ni nyumba ya maskini. Sisi twataka nyumba ya kisasa." Jibu letu ni mji wa Lamu, ambao mwaka 2001 uliandikwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia. Majumba yake hayakujengwa kwa vitu vilivyoletwa kutoka ng'ambo. Yalijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa iliyochomwa papo hapo, na boriti za mikoko. Kuta ni nene, vichochoro ni vyembamba ili viwe na kivuli, na vyumba havikuzidi upana ambao boriti yaweza kuvuka. Wajenzi wa Lamu walitazama walicho nacho na jua lililo juu yao, wakajenga kwa akili. Hatusemi turudi kukata matumbawe na mikoko. Twasema turudie akili ile.

Wengine watasema kwamba usalama uko katika simiti na nondo. Jengo la ghorofa la Huruma, Nairobi, lililoanguka usiku wa tarehe 29 Aprili 2016 na kuua watu zaidi ya 40, halikuwa la udongo. Zege likipunjwa na sheria ikipuuzwa, nyumba ya namna yoyote huwa kaburi. Udongo ukipimwa, ukafinywa vizuri, ukajengwa juu ya msingi wa mawe na kufunikwa kwa paa lenye upenu, hukaa miaka mingi. Adui wa udongo ni maji; mzuie huyo.

Wala hatusemi simiti itupwe. Misingi na nguzo za ghorofa zaihitaji, na wenzetu wa viwandani Athi River na Mombasa hula jasho lao humo. Lakini kweli isemwe. Simiti hupatikana kwa kuchoma mawe ya chokaa katika tanuri lenye joto la digrii 1,450 hivi. Moto hutoa gesi ya kaboni, na mawe yenyewe yakiungua hutoa zaidi. Kazi hiyo, katika dunia nzima, hutoa karibu asilimia 7 au 8 ya gesi ya kaboni inayotokana na shughuli za binadamu, nayo ndiyo inayozidisha joto la dunia. Mchanga nao huchotwa mitoni, na mto ukipoteza mchanga hupoteza ghala lake la maji wakati wa kiangazi. Watu wa Makueni waliliona hilo, na kaunti yao ikatunga sheria ya kulinda mchanga mwaka 2015. Hali ya hewa ikiharibika, si mwenye gari aumiaye kwanza. Katika mafuriko ya Aprili na Mei 2024 watu zaidi ya 200 walikufa nchini, na nyumba za kando ya mto huko Mathare zilichukuliwa na maji. Hao walikuwa watu wetu.

Hata shimo la mawe laweza kuponywa mtu akitaka. Huko Bamburi, Mombasa, ambako mawe ya kiwanda cha simiti yalikuwa yakichimbwa tangu 1954, bwana Rene Haller alianza mwaka 1971 kupanda mivinje juu ya mwamba mtupu. Majongoo yakala majani yaliyodondoka, udongo ukazaliwa, na leo pana msitu. Kwa hiyo mwenye machimbo asituambie kwamba haiwezekani.

Sasa tazameni jambo la mkate. Ukuta ukijengwa kwa vitu vilivyosafirishwa mbali, fedha nyingi huenda kwa lori, kwa mafuta na kwa wachuuzi wa katikati. Ukuta ukijengwa kwa udongo wa pale pale, fedha nyingi zaidi hubaki kwa watu wanaochimba, wanaochekecha, wanaobana na wanaojenga. Serikali imekwisha sema kwamba milango na madirisha ya nyumba hizi yanunuliwe kwa mafundi wa jua kali. Vema. Mbona basi ukuta uachwe nje ya shauri hilo?

Na maji ya mvua, je? Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji. Paa la mita 40 za mraba, mahali penye mvua ya milimita 900 kwa mwaka, hupokea lita 36,000. Hata tukipoteza sehemu moja katika tano, zabaki karibu lita 29,000. Nyumba isiyo na mfereji wa paa wala tangi humwaga maji hayo mlangoni, kisha mama huenda kununua maji kwa mtungi. Hiyo nayo ni kodi ya pili.

Jambo la mwisho ni mapafu ya wajenzi. Vumbi la mawe na la simiti huharibu mapafu, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamlazimu tajiri kutoa vifaa vya kujikinga. Hatari zaidi ni mapaa ya zamani ya asbesto. Vumbi lake huleta saratani, na ugonjwa waweza kujificha miaka 20 hata 40. Mwanachama yeyote asikubali kuvunja, kukata kwa msumeno au kukwaruza asbesto kwa mikono mitupu. Mamlaka ya mazingira, NEMA, imetoa mwongozo wa kuiondoa, na kazi hiyo ni ya wenye kibali na mavazi yake.

Kwa hiyo twadai haya:

1. Kila mradi unaojengwa kwa ushuru wetu utangaze wazi vifaa vitakavyotumika na bei yake, kabla ya msingi kuchimbwa.

2. Mahali udongo unapofaa, matofali ya kushindiliwa yahesabiwe sawasawa na mawe na simiti katika zabuni, yasitupwe kwa dharau.

3. Ramani zifuate jua, upepo na baridi ya mahali, na pasiwe na bati bila dari.

4. Kila nyumba iwe na mfereji wa paa na tangi la maji ya mvua.

5. Fundi wa matofali ya udongo afundishwe, apimwe na apewe cheti na mshahara sawa na mwashi wa mawe.

6. Asbesto iondolewe katika nyumba za wafanyakazi kwa gharama ya mwenye nyumba, si ya mpangaji.

Madai bila watu ni karatasi tu. Twaomba kila tawi lichague wajumbe wawili katika mkutano ujao. Waende katika mradi wa nyumba ulio karibu, waulize maswali haya, waandike majibu, na wamletee katibu. Matajiri wanaowapa wafanyakazi nyumba za kambi nao waulizwe, hasa mashambani, na jambo hili litiwe katika mapatano yajayo pamoja na mshahara. Tusingoje kukabidhiwa ufunguo ndipo tulalamike kwamba chumba ni moto. Ukuta ukiisha kujengwa hausikii maneno.

Umoja ni nguvu.