Kabla Hujachana Daftari



Mama mmoja wa hapa Nangwa alinijia akilia. Katika daftari la hesabu la mwanawe alikuta mashairi ya hip-hop kurasa nyingi, akalichana. Tangu siku hiyo kijana hasemi naye.

Nilimsimulia habari za X Plastaz, vijana wa Arusha walioanza kundi lao mwaka 1996. Waliunganisha hip-hop ya Kiswahili na uimbaji wa Kimaasai wa Yamat Ole Meipuko. Wakazunguka Ulaya wakiimba, na mwaka 2004 albamu yao, Maasai Hip Hop, ikatolewa Ujerumani. Hip-hop Wazungu walikuwa nayo; sauti ya Umaasaini hawakuwa nayo.

Basi mama, kabla hujachana, soma. Penye matusi, mwonye kwa upole. Penye ukweli, mpongeze. Mtume kwa bibi yake akajifunze nyimbo za Kiiraqw. Na hesabu asiziache: mnunulie daftari la pili.

Wakolosai 3:21 waliandikiwa akina baba, lakini hata sisi yatuhusu. Yule mama aliziunganisha kurasa kwa gundi, akamwomba mwanawe radhi.